Mtoto wa Mbali Atafika Saa Ngapi?

Mwezi wa Januari, miaka michache iliyopita, jumuiya yetu ya Sakina ilimzika mzee mmoja wa kanisa, baba wa watoto sita. Alifariki Jumatatu usiku. Watoto watano walikuwa hapa hapa Arusha na Karatu. Wa sita, binti wa mwisho, anaishi Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani, anakofanya kazi ya kutunza wazee. Jumanne kamati ya mazishi ilikaa chini ya turubai, na swali la kwanza lilikuwa lile linaloulizwa siku hizi katika misiba mingi ya huku kwetu: mtoto wa mbali atafika lini?

Simu ikapigwa. Binti akasema amepata kiti, anaondoka Jumatano saa tisa na nusu alasiri, anabadili ndege Amsterdam, anashukia KIA. Baba yake mdogo, mtu makini aliyewahi kuwa karani wa ushirika, akatoa kalamu. Ndege ya kwanza saa 8, ya pili saa 8, jumla 16. Ukianza kuhesabu Jumatano saa tisa na nusu alasiri, saa 16 zinaishia Alhamisi saa moja na nusu asubuhi. Ibada ikawekwa Alhamisi saa nane mchana. Sisi akina mama tulifurahi kwamba mtoto atapata hata nafasi ya kuoga na kunywa chai kabla ya ibada.

Alhamisi gari lilikuwa KIA tangu alfajiri. Abiria walitoka, wakaisha, binti hakuonekana. Saa tatu asubuhi, tukiwa nyuma ya nyumba tunachambua mchele, simu ya dada yake mkubwa ikalia. Binti alikuwa anauliza kama Baba ameshatolewa mochwari. Dada akamwuliza, "Uko wapi mdogo wangu, mbona gari halikuoni?" Akajibu kwamba yuko Amsterdam, ndiyo kwanza ameshuka, na ndege ya KIA bado haijaondoka.

Wazee walikaa tena, safari hii kimya. Kaburi lilikuwa limechimbwa, wageni wa Karatu na Monduli walikuwa wameshafika, mchungaji alikuwa na msiba mwingine Ijumaa upande wa Ngaramtoni, na masufuria yalikuwa motoni. Ibada haikuahirishwa. Binti alifika Sakina karibu saa tano usiku. Hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba, mkoba begani na koti la baridi mkononi, dada yake akimmulikia kwa simu. Sisi tuliobaki kuosha vyombo tulisimama mbali. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu, "Kwani sikuwaambia saa?"

Alikuwa ametuambia. Ni sisi ambao hatukujua kuisoma.

Hesabu ilikosewa wapi

Baba mdogo alifanya makosa mawili, na yote mawili ni ya mtu mwenye akili timamu. Wengi wetu tungeyafanya.

Kosa la kwanza: ile saa tisa na nusu ilikuwa ya Minneapolis, si ya Sakina. Minnesota iko nyuma yetu kwa saa 9 wakati wa baridi yao, na saa 8 wakati wa joto, kwa sababu wenzetu husogeza saa zao mbele mwezi wa Machi na kuzirudisha Novemba. Uholanzi nao husogeza, lakini wao ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo zipo wiki chache za katikati ambapo hata mtu aliyezoea hukosea. Sisi hatusogezi kitu. Binti alipokuwa anafunga mkanda Jumatano alasiri ya kwao, hapa Sakina ilikuwa saa sita na nusu usiku, usiku wa kuamkia Alhamisi.

Kosa la pili: hakuhesabu muda wa kusubiri Amsterdam, ambao ulikuwa saa tatu na nusu.

Sasa tuhesabu upya, yote kwa saa ya Sakina. Kuondoka, saa sita na nusu usiku. Saa 8 hewani, inakuwa saa mbili na nusu asubuhi, na ndiyo maana saa tatu aliweza kupiga simu. Kusubiri saa tatu na nusu, inakuwa saa sita mchana. Kisha safari ya pili ya saa 8 na dakika 20, na magurudumu yanagusa KIA saa mbili na dakika 20 usiku. Wakati huo wageni wa Karatu walikuwa wameshalala.

Na hapo bado tunazungumzia ndege, si mtu. Mtu ana foleni ya uhamiaji, ana mizigo ya kusubiri, halafu ana kilomita hamsini na ushee za barabara hadi Sakina. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, imetupunguzia adha kubwa, lakini malori ya Usa River na watu wa gulio la Tengeru bado wapo. Binti yule alitoka mlangoni kwake saa tano na nusu asubuhi ya Minneapolis. Mpaka anafika kwenye migomba ya baba yake zilikuwa zimepita saa 26 na nusu. Tiketi yake ilionyesha saa 16 na dakika chache za kuruka, na kila mtu aliishika hiyo 16.

Kwa hiyo, mama msomaji, mwanao anapokupigia simu na kukutajia saa, mwulize maneno matatu: saa ya wapi, unabadili ndege wapi na kwa muda gani, na ndege ya mwisho inatua saa ngapi kwa saa ya kwetu. Jibu la mwisho ndilo la kupeleka kwenye kamati. Tena tunashauri ibada isiwekwe siku ile ile ya kutua. Ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikamwacha, mara nyingi nyingine ya kuja KIA ni ya kesho yake.

Wapo pia watoto ambao hesabu hii haiwasaidii. Karatasi zao za kuishi huko hazijakamilika, na wakitoka hawaruhusiwi kurudi. Tumewahi kuwa na mama wa namna hiyo katika maombi, na mazishi aliyaona kwenye simu ya mpwa wake. Yeye hana kilomita za kuhesabu.

Uzi juu ya tufe

Baada ya msiba ule, mama mmoja wa jumuiya ambaye ni mwalimu alikuja na tufe la dunia la darasani na uzi wa kushonea. Tulitaka kujua kwa nini watu wa kwetu wanapitishwa Uholanzi wakati wanakwenda Marekani. Wengi tulidhani ni kuzungushwa tu ili nauli iongezeke.

Kutoka KIA hadi uwanja wa Schiphol wa Amsterdam ni kama kilomita 6,900. Kutoka Schiphol hadi Minneapolis ni karibu kilomita 6,700. Jumla 13,600, sawa na kwenda Dar es Salaam kwa basi na kurudi zaidi ya mara kumi. Kisha tukavuta uzi moja kwa moja kutoka KIA hadi Minneapolis, bila kupita popote. Ukapanda juu kuelekea kaskazini. Njia hiyo iliyonyooka ni kama kilomita 13,340. Yaani Amsterdam inaongeza kilomita 250 hivi tu, chini ya nusu saa ya kuruka! Ramani ya ukutani ndiyo inayotudanganya, maana imelazwa kama shuka wakati dunia ni mviringo. Na mzingo wa dunia nzima ni kilomita 40,000 na kidogo. Kwa hiyo kati ya Sakina na Minneapolis kuna theluthi moja ya dunia.

Njia ya Uarabuni ni ndefu zaidi. Qatar Airways ilianza kutua KIA mwaka 2012. Ukipitia Doha unakwenda kilomita 3,550 kwanza, kisha 11,450 hadi Chicago, kisha kipande kidogo hadi Minneapolis. Ni karibu kilomita 2,000 zaidi ya njia ya Amsterdam, zaidi ya saa mbili hewani. Nauli yake inaweza kuwa nafuu, na kwa safari isiyo ya haraka hatuoni ubaya. Kwa msiba, pima mara mbili.

Addis Ababa iko karibu, kilomita 1,400 hivi, saa mbili na nusu tu kutoka KIA. Lakini Addis iko juu sana, zaidi ya mita 2,300, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege iliyojaa watu na mafuta ya kwenda Marekani inapata taabu kunyanyuka kwa uzito huo, ndiyo maana imekuwa kawaida ya safari hizo kutua mahali njiani kuongeza mafuta wakati wa kwenda, na kurudi bila kutua.

Nasi wa Sakina tuna mlango mwingine, kwa kuwa barabara ya Nairobi inapita hapa hapa mbele yetu. Namanga ni kilomita 110 hivi kutoka Arusha. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways imekuwa na ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, kama saa 15 bila kutua. Inasikika vizuri mpaka uongeze safari ya kutoka Minneapolis hadi New York, na nusu siku ya basi na mpaka. Mlango kwa mlango, tofauti si kubwa.

Usiku wa kuamkia

Sasa tunakuja kwenye tiketi yenyewe, na hapa tuwe waangalifu, kwa sababu saa yetu ya Kiswahili na saa ya tiketi hazina mama mmoja.

Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, kuanzia 00:00 mpaka 23:59. Sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Kwa hiyo 20:20 ya tiketi ni saa mbili na dakika 20 usiku. Toa 12, kisha toa 6. Hilo wengi wamelizoea. Linaloua watu ni tarehe. Kwa tiketi, siku mpya inaanza saa sita usiku. Kwetu, usiku ni wa siku inayokuja, na ndiyo maana tunasema usiku wa kuamkia. Mwenye tiketi ya tarehe 15, saa 00:35, anatakiwa awe kiwanjani tarehe 14 jioni, saa tatu au saa tatu na nusu usiku. Ndege nyingi za Ulaya na Uarabuni hutoka Nairobi na Dar es Salaam saa hizo hizo.

Mama mmoja tunayemfahamu alikuwa anakwenda kwa mtoto wake. Alifanyiwa maombi ya safari tarehe 15 mchana, akala na majirani, akapelekwa uwanjani jioni na magari mawili. Ndege yake ilikuwa imeondoka saa 20 zilizopita. Alirudi nyumbani na masanduku yake, na tiketi ya pili ilinunuliwa kwa kuuza ng'ombe. Aibu ilimfanya asije jumuiya wiki mbili. Aibu hiyo haikuwa yake. Watu kumi walikuwa wameishika ile tiketi mikononi, nasi tukiwamo.

Kuna jingine dogo la kuchekesha. Ndege ikitoka Amsterdam saa tisa alasiri, tiketi itaonyesha inafika Minneapolis saa kumi na moja jioni siku ile ile. Bibi mmoja alituambia kwa uhakika kwamba kutoka Ulaya hadi Marekani ni saa mbili, karibu kuliko Karatu. Ni saa 9. Saa 7 zimefichwa katika tofauti ya nyakati.

Safari ya Koko

Bibi huyo wajukuu wanamwita Koko, kama wanavyowaita bibi zao wengi huku kwetu. Alikuwa anakwenda kumlea binti yake aliyekaribia kujifungua. Kumbuka kwamba ni Koko aliyepanda ndege, si binti. Mashirika mengi hayampokei mjamzito aliyepita wiki 36, na mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, kwa hiyo binti anayetaka kuja kujifungulia kwa mama yake apange mapema.

Koko alipanda KLM pale KIA usiku. Kwa miaka mingi mpango wa ndege hiyo umekuwa kutoka Amsterdam, kushusha KIA, kuendelea hadi Dar es Salaam, na kutoka Dar kurudi Ulaya. Maana yake anayekuja anashuka mapema, na anayekwenda anapelekwa kwanza kusini kama kilomita 450, anakaa ndani ya ndege wengine wakipanda, ndipo anaanza kilomita 7,300 za kwenda kaskazini. Hatukumwambia. Ndege ilipotua Dar alimwita mhudumu na kumwambia kwa heshima kwamba amepandishwa siyo, yeye ni wa Ulaya.

Alikuwa na miaka 67, na miguu ilikuwa inavimba hata akienda Moshi kwa basi. Hapa tunaomba msidharau. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi mwaka 2007: kusafiri kwa saa 4 au zaidi ukiwa umekaa bila kujongea huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa karibu mara mbili. Bado ni wachache wanaopatwa, kama mtu 1 kati ya 6,000, lakini wazee na wanene wako karibu zaidi na hatari hiyo. Koko aliambiwa asimame kila baada ya saa moja au mbili, atembee hadi chooni hata kama hana haja, achezeshe vifundo vya miguu akiwa kitini, na anywe maji. Wengi hawanywi maji kwa kuogopa choo cha ndege. Dawa zake za presha ziliwekwa kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa sanduku linaweza kupotea siku mbili. Kuhusu ndizi za mtori alizotaka kumpelekea mzazi, tulimzuia. Marekani hawaruhusu nyama wala matunda mabichi kutoka kwetu, na kila chakula kingine lazima ukitaje pale forodhani.

Jambo lililotushangaza ni hili. Vipande viwili vya safari vina urefu karibu sawa, lakini Koko alifika Amsterdam akiwa mchovu wa kawaida, na Minneapolis akawa kama mgonjwa. Sababu ni kwamba kutoka kwetu kwenda Uholanzi unapanda kaskazini; jua la huko na la kwetu zinaachana saa moja au mbili tu. Kutoka Uholanzi kwenda Marekani unalifuata jua magharibi, na mwili unabaki nyuma kwa saa 7. Inasemekana mwili hujirekebisha kama saa moja kwa siku, na wakati wa kurudi nyumbani huwa vigumu zaidi kuliko wakati wa kwenda. Upepo nao, huko juu ndege inakopita, zaidi ya mara mbili ya kimo cha Mlima Meru, huvuma kuelekea mashariki, ndiyo maana kwenda ni saa 9 na kurudi ni 8. Wiki ya kwanza Koko alikuwa macho saa tisa usiku, akitandika kitanda kama anayekwenda kukamua. Lakini mtoto mchanga naye alikuwa macho saa hizo hizo, na binti yake alipata kulala.

Yule binti wa msiba alikuja tena miaka miwili baadaye, Agosti, kuweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la baba yake. Alituma picha ya tiketi wiki mbili kabla. Tuliiandika kwenye daftari la jumuiya kwa saa ya Sakina, mstari kwa mstari, na baba yake mdogo aliikagua kwa kalamu nyekundu. Tulitoka Sakina saa kumi na moja na nusu jioni, watu saba kwenye gari moja, na chupa mbili za chai. Alipotokea mlangoni akisukuma sanduku lake, baba mdogo ndiye aliyekuwa mbele kabisa kwenye kamba. Chai ilikuwa bado ya moto.